Upandikizaji wa lenzi bandia: kwa nini mtoto wa jicho hangojwi tena hadi akomae

Na Mwandishi Wetu

Katika familia nyingi nchini, mzee anapoanza kulalamika kuwa macho yake yana ukungu, ushauri wa kwanza anaopewa ni wa kungoja. Huambiwa kuwa mtoto wa jicho bado mchanga, aachwe akomae ndipo apelekwe hospitali. Ushauri huo haukuzuka hivihivi. Kwa muda mrefu ulitolewa na madaktari wenyewe, tena kwa sababu za kitaalamu. Tangu lenzi bandia ianze kupandikizwa ndani ya jicho, sababu hizo zimeondoka moja baada ya nyingine, lakini ushauri umebaki vinywani mwa watu, nao unaendelea kuwanyima wazee miaka ya kuona ambayo wangeweza kuwa nayo.

Makala haya yanaeleza jinsi upasuaji wa kuweka lenzi bandia unavyofanyika, njia zinazotumika, hatari zake na dalili ambazo mgonjwa hapaswi kuzipuuza, ili familia inapofanya uamuzi iufanye kwa kuelewa.

Lenzi ya jicho na namna inavyoharibika

Jicho hukusanya mwanga na kuuelekeza kwenye retina, yaani tabaka la nyuma ya jicho linalopokea picha na kuipeleka kwenye ubongo. Mwanga hupita kwanza kwenye konea, ambayo ni kioo angavu cha mbele ya jicho, kisha hupenya kwenye mboni na kuifikia lenzi. Lenzi hiyo ina umbo linalofanana na punje ya dengu, nayo imo ndani ya mfuko mwembamba unaoshikiliwa pande zote na nyuzinyuzi laini. Ukuta wa nyuma wa mfuko huo, katikati yake, una unene wa takriban mikromita 4, yaani ni mwembamba mara nyingi kuliko unywele.

Lenzi huwa angavu kwa sababu protini zilizomo ndani yake zimepangika vizuri. Kadiri umri unavyosonga, protini hizo huharibika na kushikamana, na lenzi hubadilika kuwa ya manjano, ya kahawia au nyeupe. Hali hiyo ndiyo mtoto wa jicho. Mbali na umri, huchochewa na ugonjwa wa kisukari, majeraha ya jicho, uvutaji wa sigara, mionzi mikali ya jua na matumizi ya muda mrefu ya dawa za jamii ya steroidi. Wapo pia watoto wanaozaliwa nao.

Hivyo basi, mtoto wa jicho si utando unaoota juu ya jicho, wala si nyama inayoweza kubanduliwa. Ni lenzi yenyewe iliyopoteza uangavu wake. Ndiyo maana hakuna dawa ya matone, ya kienyeji wala ya viwandani, iliyothibitishwa kuuondoa ukungu huo, na ndiyo maana matibabu yake ni kuitoa lenzi iliyoharibika na kuweka nyingine mahali pake. Aidha, jicho halitolewi nje wakati wa upasuaji kama baadhi ya watu wanavyoamini. Kazi yote hufanyika jicho likiwa mahali pake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 94 duniani wana uoni hafifu au upofu unaotokana na mtoto wa jicho. Mwaka 2021 nchi wanachama wa shirika hilo zilikubaliana kuongeza, ifikapo mwaka 2030, kiwango cha wanaohitaji upasuaji huu na kuupata kwa ubora unaotakiwa, kwa pointi 30 za asilimia.

Kwa nini zamani mgonjwa alitakiwa kungoja

Kabla ya lenzi bandia, upasuaji wa mtoto wa jicho ulikuwa kutoa bila kurudisha. Njia ya kale kabisa, iliyojulikana India tangu enzi za mbali, ilikuwa kuchoma sindano pembeni mwa jicho na kuisukuma lenzi ianguke ndani, ili mwanga upate njia. Mwaka 1747 daktari Mfaransa Jacques Daviel alianza kuitoa lenzi nje ya jicho kupitia mkato, na njia yake ikawa msingi wa upasuaji uliofuata.

Njia hizo za mwanzo zilihitaji lenzi iliyokomaa. Lenzi ambayo haijakomaa huwa na sehemu laini zinazonata, na vyombo vya wakati huo havikuweza kuzisafisha, hivyo mabaki yalibaki na kusababisha uvimbe. Mkato ulikuwa mkubwa, na mgonjwa alilazimika kulala kitandani siku kadhaa bila kutikisika. Isitoshe, jicho lililoondolewa lenzi lilihitaji miwani mizito ambayo ilivifanya vitu vionekane vikubwa kwa takriban robo zaidi ya vilivyo. Aliyefanyiwa upasuaji jicho moja tu, huku jingine bado likiona, alipata picha mbili zisizolingana.

Kwa hali hiyo, ilikuwa busara kumwacha mgonjwa atumie uoni alionao hadi ukaribie kwisha. Huo ndio uliokuwa msingi wa neno "akomae".

Ugunduzi wa London na somo lake

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, daktari wa macho Harold Ridley wa Uingereza aliwahudumia marubani waliopigwa machoni na vipande vya vioo vya ndege. Vioo hivyo vilikuwa vya plastiki ngumu ya akriliki. Ridley alibaini kuwa vipande vya plastiki hiyo viliweza kukaa ndani ya jicho bila jicho kuvikataa. Kutokana na hilo alipata wazo la kutengeneza lenzi kwa akriliki ya aina hiyo, na tarehe 29 Novemba 1949, katika Hospitali ya St Thomas jijini London, aliiweka lenzi ya kwanza ndani ya jicho la binadamu.

Upasuaji huo ulithibitisha kuwa jambo hilo linawezekana, lakini mgonjwa alibaki na kasoro kubwa ya kutoona mbali kwa sababu lenzi aliyowekewa ilikuwa na nguvu kupita kiasi. Madaktari wengi wa zama hizo walimpinga Ridley kwa miongo kadhaa, na ilichukua muda mrefu kabla ya lenzi bandia kukubalika kama matibabu ya kawaida. Malkia wa Uingereza alimtunuku hadhi ya Sir mwaka 2000, mwaka mmoja kabla ya kifo chake.

Tukio hilo lilitoa somo linalotumika hadi leo: mgonjwa hahitaji lenzi yoyote tu, bali lenzi inayolingana na jicho lake.

Kulipima jicho kabla ya upasuaji

Nguvu ya lenzi hupimwa kwa kipimo kiitwacho dayopta. Watu wengi huhitaji lenzi bandia yenye nguvu ya takriban dayopta 20, lakini wapo wanaohitaji 10 na wapo wanaohitaji 28. Ili kupata namba sahihi, mtaalamu hupima mambo makuu mawili: mpindo wa konea, na urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma. Urefu huo hupimwa kwa mawimbi ya sauti au kwa mwanga maalumu, na kwa watu wazima wengi ni kati ya milimita 23 na 24.

Vipimo hivyo huingizwa katika kanuni za hesabu zinazotoa nguvu ya lenzi inayofaa. Usahihi hapa ni wa lazima. Kosa la milimita moja tu katika urefu wa jicho huweza kuleta tofauti ya takriban dayopta 2.5 hadi 3, kiasi cha kumfanya mgonjwa ashindwe kuona vizuri bila miwani hata kama upasuaji wenyewe umekwenda salama. Ndiyo sababu mgonjwa anapoambiwa kuwa vipimo lazima virudiwe, hana haja ya kuona kuwa anacheleweshwa.

Pamoja na hayo, daktari huchunguza presha ya jicho, hali ya retina, kiwango cha sukari na shinikizo la damu. Lenzi mpya huusafishia mwanga njia, lakini haiwezi kuiponya retina iliyoharibiwa na kisukari wala mshipa wa fahamu ulioharibiwa na presha ya macho. Mgonjwa anapaswa kuelezwa mapema ni kiasi gani cha uoni kinatarajiwa kurudi.

Hatua zinazofuatwa katika kila njia

Kwa mtu mzima, upasuaji huu kwa kawaida hufanyika kwa ganzi ya sindano pembeni mwa jicho au ya matone. Mgonjwa huwa macho na husikia sauti, lakini hasikii maumivu makali. Jicho na ngozi inayolizunguka husafishwa kwa dawa ya iodini, hatua rahisi ambayo imethibitika kupunguza maambukizi.

Daktari hutazama kupitia hadubini. Hufungua mkato, huingiza ute maalumu unaolinda tabaka la ndani la konea, kisha hutoboa tundu la duara kwenye ukuta wa mbele wa mfuko wa lenzi. Kupitia tundu hilo lenzi iliyoharibika huondolewa, na mabaki laini hufyonzwa. Mfuko wenyewe huachwa, kwa kuwa ndio makazi ya lenzi mpya. Lenzi bandia ina kioo cha katikati chenye upana wa takriban milimita 6 na mikono miwili myembamba inayotanuka na kuishikilia katikati ya mfuko. Mwishoni ute hutolewa na mkato hukaguliwa kama umejifunga. Kwa daktari mzoefu na jicho lisilo na matatizo, kazi yote huweza kuchukua kati ya dakika 10 na 30.

Tofauti kubwa kati ya njia zinazotumika sasa iko katika namna lenzi iliyoharibika inavyotolewa.

Njia ya mkato mdogo kwa mkono

Katika njia hii, daktari huchimba njia fupi kama handaki kwenye sehemu nyeupe ya jicho, yenye upana wa takriban milimita 6 hadi 7 upande wa nje na pana zaidi upande wa ndani. Kiini cha lenzi hutolewa kikiwa kizima kupitia handaki hilo. Kwa sababu ya umbo lake, handaki hubanwa na shinikizo la jicho lenyewe na kujifunga, hivyo mara nyingi hapahitajiki nyuzi. Njia hii haihitaji mashine ya gharama kubwa, inaweza kufanyika katika hospitali ya wilaya yenye hadubini nzuri, na inafaa hasa kwa lenzi zilizokuwa ngumu kwa kuchelewa.

Njia ya mawimbi ya sauti

Mwaka 1967 daktari Charles Kelman wa Marekani alibuni njia ya kuivunja lenzi ikiwa ndani ya jicho, wazo alilolipata kwa kuona kifaa cha daktari wa meno kinachosafisha meno kwa mawimbi ya sauti. Wataalamu huiita kwa ufupi fako. Ncha ya chombo chembamba hutetemeka makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, huisaga lenzi na kuifyonza. Mkato wake ni wa takriban milimita 2.2 hadi 3 tu. Lenzi inayowekwa ni laini, hukunjwa ili ipite katika mkato huo, kisha hujikunjua yenyewe ndani ya mfuko.

Kwa kuwa mkato ni mdogo, jicho hupona haraka na konea haipindi sana. Hata hivyo, mashine na vifaa vyake ni vya gharama, na lenzi ngumu huhitaji nguvu kubwa ya mawimbi, jambo linaloweza kuiumiza konea.

Ipi ni bora?

Wagonjwa wengi huuliza swali hili, na wapo wanaoahirisha matibabu wakisubiri kupata fedha za fako. Utafiti uliofanyika Nepal na kuchapishwa mwaka 2007, ukiongozwa na Dkt. Sanduk Ruit, ulizilinganisha njia hizi kwa wagonjwa wenye mtoto wa jicho aliyekomaa. Baada ya miezi sita, asilimia 98 ya wagonjwa katika kila kundi walikuwa na uoni mzuri baada ya kurekebishwa kwa miwani. Njia ya mkono ilichukua muda mfupi zaidi na gharama ndogo zaidi. Kwa maneno mengine, mikono ya daktari, usahihi wa vipimo na usafi wa chumba cha upasuaji vina uzito mkubwa kuliko jina la mashine.

Bei ya lenzi nayo iliwahi kuwa kikwazo. Katika miaka ya 1990, viwanda vilivyoanzishwa nje ya nchi tajiri, kikiwemo cha Aurolab huko Madurai, India, kilichoanza mwaka 1992, na kile cha kituo cha Tilganga jijini Kathmandu, viliishusha bei ya lenzi ngumu kutoka zaidi ya dola 100 za Marekani hadi chini ya dola 10. Mabadiliko hayo yaliziwezesha huduma za umma na kambi za macho katika nchi nyingi kuweka lenzi badala ya kugawa miwani mizito.

Mfuko unapopasuka, na mgonjwa anapokuwa mtoto

Wakati mwingine ukuta wa nyuma wa mfuko hupasuka wakati wa upasuaji, au nyuzinyuzi zinazoushikilia huwa zimekatika kwa ajali. Hali hiyo haimaanishi kuwa mgonjwa atakosa lenzi. Daktari anaweza kuiweka mbele ya mfuko ikiwa ukingo wake bado ni imara, au mbele ya duara lenye rangi, au kuifunga kwenye ukuta mweupe wa jicho. Mwaka 2017 daktari Shin Yamane wa Japani alichapisha njia ya kupitisha mikono ya lenzi katika ukuta huo kwa sindano nyembamba, kisha kuichoma ncha zake kidogo ili zitengeneze vifundo vinavyoizuia kuchomoka, bila uzi wala gundi.

Kwa watoto, suala kuu ni muda. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo. Jicho likikaa gizani katika kipindi hicho, ubongo hulizoea kama jicho lisilotumika, na lenzi ikiwekwa baadaye haiwezi kurudisha chote kilichopotea. Mzazi anayeona weupe katika mboni ya mtoto, au macho yanayochezacheza au kupishana, anapaswa kumfikisha hospitali mara moja, kwani weupe huo unaweza pia kuwa dalili ya saratani ya jicho. Watoto hufanyiwa upasuaji kwa dawa ya usingizi, na si kila mtoto mchanga huwekewa lenzi siku hiyo hiyo. Wengine huvaa miwani hadi jicho likue. Baada ya upasuaji, mtoto huhitaji kufuatiliwa kliniki kwa miaka.

Baada ya upasuaji

Mgonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake, wakiwa na dawa za matone za kutumia kwa wiki kadhaa. Hutakiwa kutolisugua jicho, kulikinga na maji machafu na vumbi, na kuepuka kubeba mizigo mizito kwa muda atakaoelekezwa kila mmoja. Lenzi ya kawaida huweka uoni katika umbali mmoja, hivyo wengi huhitaji miwani ya kusomea. Lenzi bandia haizeeki kama ya asili, na kwa kawaida hudumu maisha yote.

Hatari inayoogopwa zaidi ni maambukizi ndani ya jicho. Hutokea kwa wachache, lakini yanaweza kuliangamiza jicho kwa siku chache. Utafiti wa nchi kadhaa za Ulaya uliochapishwa mwaka 2007 ulionesha kuwa kudunga dawa ya sefuroksimu ndani ya jicho mwishoni mwa upasuaji kunapunguza hatari hiyo kwa takriban mara tano. Hata hivyo, mgonjwa anayeona maumivu yanaongezeka, jicho linazidi kuwa jekundu, linatoa usaha au uoni unapungua ghafla, arudi hospitali saa hiyo hiyo. Asingoje tarehe ya kliniki.

Miezi au miaka baadaye, baadhi ya watu huona ukungu tena na kudhani kuwa mtoto wa jicho amerudi. Hawezi kurudi, kwa kuwa lenzi iliyokuwa na tatizo haipo. Kinachotokea ni ukuta wa nyuma wa mfuko kufifia, na hufunguliwa kwa mwanga wa leza kwa dakika chache bila mkato.

Wakati sahihi wa kwenda

Kwa utaratibu wa sasa, kipimo cha kufanyiwa upasuaji si ukomavu wa mtoto wa jicho bali maisha ya mgonjwa. Pale ukungu unapomzuia kufanya kazi, kusoma, kutambua nyuso za watu, kuhesabu noti sokoni au kutembea bila kujikwaa, wakati umefika. Kungoja zaidi huifanya lenzi iwe ngumu na upasuaji uwe mgumu. Lenzi iliyokomaa kupita kiasi huweza kuvimba au kuvuja, ikapandisha presha ya jicho na kuharibu mshipa wa fahamu, uharibifu ambao hakuna lenzi inayoweza kuurekebisha.

Aidha, tafiti katika nchi nyingi zinazoendelea zimeonesha kuwa wanawake hupata upasuaji huu kwa kiwango cha chini kuliko wanaume, ingawa ugonjwa huwapata kwa wingi. Bibi anayelea wajukuu nyumbani mara nyingi hana nauli, hana wa kumsindikiza, na hupenda kusema kuwa macho yake "yanamtosha". Familia ina wajibu wa kutoliridhia jibu hilo.

Kwa hapa nchini, mgonjwa huanzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ambako hupimwa na kupewa rufaa inapohitajika. Huduma za kibingwa za macho hutolewa katika hospitali zikiwemo Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi, Bugando jijini Mwanza na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa: jicho langu limepimwa urefu? Nitawekewa lenzi ya aina gani? Ninatarajiwa kuona kiasi gani? Nikipata shida usiku, nimpigie nani? Majibu ya maswali hayo manne yaandikwe kwenye karatasi, na karatasi hiyo akabidhiwe ndugu atakayemsindikiza mgonjwa na kumwekea matone ya dawa nyumbani.